Kurejelea Kazi Zako Mwenyewe kwa Haki: Mwongozo kwa Watafiti wa Mtwara na Lindi

Mtafiti anayechunguza magonjwa ya mikorosho akiwa katika kituo cha utafiti cha Naliendele, mwalimu wa chuo anayeandika kuhusu shule za msingi za Tandahimba, au daktari anayekusanya takwimu za wagonjwa katika Hospitali ya Ligula, haandiki makala nyingi kabla ya kukutana na swali gumu. Maandiko kuhusu eneo lake ni machache, na sehemu kubwa ya hayo machache ameyaandika yeye mwenyewe pamoja na wenzake wa ofisi moja. Akiyataja, ataonekana anajipigia debe. Asipoyataja, msomaji atakosa ushahidi anaouhitaji, na huenda akadhani kwamba takwimu zilizokwisha kuchapishwa ni mpya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuamua, hatua kwa hatua, lini kujirejelea ni wajibu na lini ni udanganyifu.

Msimamo wangu ni kwamba rejeleo huwekwa kwa ajili ya msomaji. Linamwonyesha dai limetoka wapi ili aweze kwenda kulihakiki mwenyewe. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, inayofahamika kwa kifupi cha COPE na iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, ilitoa waraka mwaka 2019 kuhusu uchezeaji wa marejeleo, na kiini chake ni hicho hicho: kosa linapatikana pale rejeleo lisipochangia chochote katika maudhui na limewekwa ili kuongeza hesabu tu. Kwa hiyo haitoshi kuuliza umejirejelea mara ngapi. Swali la kwanza ni kila rejeleo linafanya kazi gani.

Hatua ya kwanza: andika madai kabla ya marejeleo

Unapoanza rasimu, usifungue orodha ya machapisho yako. Andika aya ya utangulizi ukiacha nafasi tupu kila mahali panapohitaji ushahidi, na ndani ya nafasi hiyo eleza kwa maneno machache ushahidi wa aina gani unatakiwa: takwimu za uzalishaji, maelezo ya mbinu, matokeo ya jaribio la shambani, au historia ya mahali. Ukishamaliza, tafuta chanzo kinachofaa zaidi kwa kila nafasi, awe amekiandika nani. Mwandishi anayefuata utaratibu huu huchagua chanzo kwa sababu ya dai, ilhali anayeanza na orodha yake mwenyewe hutafuta dai litakalobeba jina lake, na tofauti hiyo mhakiki mwenye uzoefu wa kupima makala za majarida huiona kwa kusoma ukurasa mmoja.

Hatua ya pili: lipe kila rejeleo lako kazi, na uiseme

Tuchukue aya iliyotungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Namba zote zilizo katika mabano ni za kazi sita za mwandishi mwenyewe:

"Korosho ni zao kuu la biashara mkoani Mtwara [1, 2, 3, 4]. Ugonjwa wa ubwiri unga hushambulia maua na majani machanga na kupunguza mavuno [2, 3, 5]. Wakulima wengi huudhibiti kwa salfa ya unga [1, 4, 6]. Katika utafiti huu tulikadiria kiwango cha ugonjwa kwa kipimo cha ngazi tulichokitengeneza awali [5]."

Sentensi ya kwanza inahitaji takwimu za uzalishaji, na mwenye takwimu hizo ni Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yako hapo hapo Mtwara. Hakuna hata moja kati ya zile kazi nne iliyozizalisha. Zote zilizinukuu kutoka kwingine. Anayezitaja badala ya chanzo cha asili anamzungusha msomaji na kujichukulia sifa ya kazi ya mtu mwingine. Sentensi ya pili inahusu baiolojia ya ugonjwa uliochunguzwa na watu wengi kabla ya mwandishi huyu, hivyo watajwe wao. Sentensi ya tatu inahusu mazoea ya wakulima. Tuseme kazi namba 4 ilikuwa uchunguzi wa kaya katika vijiji vya Tandahimba na Newala, na namba 1 na 6 zililitaja jambo hilo kwa kupita tu. Hapo namba 4 inabaki peke yake, na sentensi irekebishwe iseme ni wakulima wa wapi na waliulizwa lini. Sentensi ya nne haina mbadala: kipimo kimeelezwa katika kazi namba 5 na si kwingine, na bila rejeleo hilo hakuna mtafiti wa Masasi au wa Nachingwea atakayeweza kurudia jaribio.

Mahali 11 ambapo mwandishi alijitaja pamebaki pawili. Ni muhimu kutambua kwamba pale pawili pana nguvu zaidi sasa, kwa sababu msomaji anajua atakachokikuta akifuata kila rejeleo.

Kutokana na mfano huo unaweza kuunda tabia moja rahisi. Pembeni ya kila rejeleo la kazi yako, andika sentensi inayoanza na "Msomaji anahitaji kazi hii kwa sababu". Ukishindwa kuimalizia bila kutumia maneno kama "inahusiana na mada" au "tumeandika pia kuhusu jambo hili", liondoe. Sababu zinazokubalika ni chache: kazi ile ina takwimu unazozitumia tena, ina mbinu unayoifuata, ina matokeo unayoyaendeleza, au ina matokeo ambayo makala mpya inayapinga.

Hiyo sababu ya mwisho nadhani ndiyo ya heshima kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mtafiti aliyependekeza kipimo fulani cha dawa miaka mitano iliyopita na sasa anaona majaribio mapya hayaungi mkono pendekezo lile, ana deni la kuitaja kazi ya zamani kwa jina na kusema wazi wapi imepitwa. Afisa ugani aliyekwisha kulipeleka pendekezo la zamani kijijini hana njia nyingine ya kujua kwamba limebadilika. Kukaa kimya juu ya kazi yako iliyokosea, huku ukitaja zile zilizofaulu tu, ni namna ya kuchezea marejeleo ingawa idadi inapungua badala ya kuongezeka.

Hatua ya tatu: tafuta kwa majirani kabla ya kusema hakuna aliyeandika

Kauli kwamba "utafiti kuhusu mikoa ya Kusini ni haba" imekuwa ya kawaida mno katika utangulizi wa makala, na mara nyingi hufuatiwa na kazi tatu au nne za mwandishi mwenyewe. Sikatai kwamba uhaba upo. Lakini kazi nyingi za Kusini hazionekani kwenye hifadhidata za makala kama Scopus wala Google Scholar kwa sababu hazikuchapishwa kwenye majarida: ni ripoti za mwaka za kituo cha utafiti cha Naliendele, tasnifu za wanafunzi zilizopo kwenye maktaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, na taarifa za idara za kilimo na afya za halmashauri. Anayeandika kuhusu udongo au mbegu za mafuta Nachingwea anapaswa pia kukumbuka Mpango wa Karanga ambao Waingereza waliuendesha huko mwishoni mwa miaka ya 1940, na maandishi yaliyotokana nao.

Kwa hiyo, kabla ya kujirejelea katika jambo linalohusu eneo, fanya yafuatayo kwa mpangilio huu. Tafuta kwenye hifadhidata kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ukitumia pia majina ya wilaya ya zamani na ya sasa, kwa kuwa mipaka imebadilika mara kadhaa na maandiko ya kabla ya mwaka 1971 yanaweza kuihesabu Lindi na Mtwara kuwa mkoa mmoja. Nenda maktabani ukaulize tasnifu. Waulize wazee wa kituo, wale waliofanya majaribio kabla yako, ni ripoti gani ziko kabatini. Ripoti isiyochapishwa inaweza kurejelewa kihalali: taja mwandishi au taasisi, mwaka, jina la ripoti na mahali ilipohifadhiwa, na uombe ruhusa pale ambapo si ya umma.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Mwanafunzi aliyezunguka vijiji vya Kilwa kwa miezi akikusanya takwimu za tasnifu yake, kisha msimamizi wake akaandika makala juu ya takwimu zile zile na kurejelea makala zake mwenyewe tu, ameporwa. Msimamizi hawezi kujitetea kwamba tasnifu haikuchapishwa, maana aliisoma, aliisahihisha na aliipitisha yeye.

Hatua ya nne: tofautisha kujirejelea na kujirudia

Wapo watafiti waaminifu ambao, kwa kuogopa kuonekana wanajisifu, huficha kazi zao za awali. Hofu hiyo huwaingiza kwenye kosa kubwa zaidi. Ukitumia tena takwimu zilizokwisha kuchapishwa, ukinakili maelezo ya mbinu neno kwa neno kutoka makala yako ya zamani, au ukiwachunguza wagonjwa wale wale waliomo kwenye ripoti iliyotangulia, kutotaja kazi ile ni udanganyifu. Mtu atakayekuja kujumlisha matokeo ya tafiti mbalimbali atawahesabu wagonjwa hao mara mbili, na jumla yake itapotoka bila yeye kujua. Hapa kujirejelea ni wajibu, na kunapaswa kuambatana na sentensi inayosema bayana ni sehemu gani imetumiwa tena.

Swali linalofuata ni kama utafiti mmoja unaweza kugawanywa katika makala kadhaa zinazorejeleana. Mfano mzuri uko Newala. Mlipuko wa homa uliotokea katika uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, ambao ndio uliowezesha ugonjwa wa chikungunya kuelezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya tiba, ulichapishwa kwa sehemu: Robinson alieleza dalili za wagonjwa na Lumsden akaeleza mwenendo wa mlipuko, wote mwaka 1955, kisha mwaka 1956 Ross akaeleza kirusi chenyewe. Kila sehemu ilikuwa na swali lake, ushahidi wake na mwandishi wake, na msomaji wa moja alihitaji kuelekezwa kwenye nyingine. Linganisha na mtafiti anayechukua dodoso moja lililojazwa siku moja katika vijiji vilevile, akatoa makala moja kuhusu wanaume, nyingine kuhusu wanawake na ya tatu kuhusu vijana, kisha kila moja ikazitaja nyingine mbili. Huyo amepata machapisho matatu na marejeleo yake bila kumwongezea msomaji maarifa. Kipimo ni hiki: je, sehemu hiyo ingesimama peke yake iwapo zile nyingine zisingekuwapo?

Hatua ya tano: hesabu, lakini jua unachohesabu

Rasimu ikikamilika, hesabu asilimia ya marejeleo ambayo wewe au mwandishi mwenza yeyote yumo. Waandishi wenza wasisahauliwe, kwa sababu kundi la watu sita linaloandika pamoja linaweza kujaza orodha nzima bila mmoja wao kuonekana amezidi.

Usichanganye asilimia mbili tofauti. Ya kwanza ni sehemu ya marejeleo uliyoyatoa yanayokwenda kwenye kazi zako. Mwaka 2017 Molly King na wenzake walichapisha uchambuzi wa makala milioni 1.5 zilizomo katika maktaba ya JSTOR, wakaona kwamba karibu rejeleo moja katika kila kumi lilikuwa la kujirejelea, na kwamba wanaume walijirejelea kwa asilimia 56 zaidi ya wanawake. Asilimia ya pili ni sehemu ya marejeleo uliyoyapokea ambayo yametoka kwako mwenyewe au kwa waandishi wenza wako. Hii ndiyo iliyochunguzwa na John Ioannidis na wenzake mwaka 2019 kwa watafiti wapatao 100,000 wanaorejelewa sana duniani: aliye katikati ya orodha alikuwa na asilimia 12.7, lakini angalau 250 walikuwa na zaidi ya nusu ya marejeleo yao kutoka kwao wenyewe na wenzao.

Namba hizi zisiwe sheria. Mtu pekee anayechunguza aina fulani ya ufuta huko Lindi anaweza kufika asilimia 30 kwa haki kabisa, na mwingine mwenye asilimia 8 akawa ameweka zote bila sababu. Zichukue kama dalili: ukipita moja ya tano, rudi hatua ya pili ukapitie sentensi zako za pembeni tena, na ujiandae kumweleza mhariri.

Ni vizuri pia kujua kwa nini kishawishi ni kikubwa. Kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, humpa mtafiti alama ya 10 akiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Mwenye makala moja iliyobaki nyuma kwa marejeleo mawili anaweza kuyaweka mwenyewe katika makala mbili zinazofuata, na alama ikapanda. Zaidi ya hapo, Fowler na Aksnes walipochunguza watafiti wa Norway mwaka 2007 waliona kwamba kila rejeleo la kujitaja liliambatana na rejeleo moja hivi la ziada kutoka kwa watu wengine baada ya mwaka mmoja, na takriban matatu baada ya miaka mitano. Kujitangaza kuna faida, na ndiyo sababu hakuwezi kuachiwa dhamiri ya mtu peke yake.

Hatua ya sita: linda uhakiki usiotaja majina

Jarida likiwa linaficha jina la mwandishi kwa wahakiki, usiandike "kama tulivyoonyesha katika utafiti wetu wa Mikindani". Andika kwa nafsi ya tatu, kana kwamba kazi ile ni ya mtu mwingine. Usifute rejeleo hilo kabisa, kwa sababu pengo lenyewe humfichua mwandishi, na mhakiki hawezi kupima hoja ambayo msingi wake umefichwa. Makala ikishakubaliwa, rudisha "tulionyesha" ili msomaji ajue kwamba mwandishi ni yule yule.

Hatua ya saba: ukishinikizwa, au ukiwa wewe mwenye nafasi ya kushinikiza

Wilhite na Fong walipowauliza maelfu ya watafiti na kuchapisha majibu mwaka 2012, takriban mmoja katika kila watano alisema amewahi kukutana na mhariri aliyemtaka aongeze marejeleo ya jarida lake bila kuonyesha upungufu wowote katika makala. Wapo pia wahakiki wanaotaka kazi zao wenyewe zitajwe. Kijana anayetafuta chapisho lake la kwanza huona hana uwezo wa kukataa. Anao. Soma kila kazi iliyopendekezwa, kubali ile inayosaidia, kisha mwandikie mhariri kwa adabu: "Tumezisoma kazi tano alizopendekeza mhakiki wa pili. Ya kwanza inaimarisha hoja yetu katika ukurasa wa nne na tumeiongeza. Nyingine nne zinahusu mazao na mazingira tofauti, nasi hatukuona zinapochangia. Tutashukuru kuelekezwa iwapo mhariri anaona vinginevyo." Barua kama hiyo inampa mhariri mwaminifu sababu ya kukuunga mkono, na kwa asiye mwaminifu inabaki kuwa kumbukumbu.

Ukiwa wewe ndiye mhakiki, unaweza kupendekeza kazi yako pale tu ambapo ungeipendekeza hata kama ingekuwa ya mshindani wako. Mwambie mhariri, katika sehemu ya siri ya ripoti, kwamba kazi hiyo ni yako.

Kuhusu kamati za kupandisha vyeo nitasema kwa ufupi. Italia ilipoanza kutumia viwango vya marejeleo katika kuwapima wahadhiri baada ya mageuzi ya mwaka 2010, Baccini na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba kurejeleana kwa watafiti wa nchi hiyo kuliongezeka kwa kasi isiyoonekana katika nchi nyingine walizozilinganisha nayo. Kamati isiyotaka matokeo hayo iombe idadi mbili katika kila wasifu, moja ikiwa na marejeleo ya kujitaja na nyingine ikiwa haina. Scopus na Web of Science huwezesha kuyaondoa, ilhali Google Scholar huyajumlisha yote. Wajumbe wasome pia makala mbili tatu za mwombaji kwa macho yao, kama Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti la mwaka 2012 lilivyosisitiza kwamba kazi ipimwe kwa maudhui yake.

Hatua ya nane: mpe mwenzako asome kabla ya kutuma

Tia rangi marejeleo yako yote katika rasimu, kisha umpe mtafiti mwenzako ambaye si mwandishi mwenza wa makala hiyo. Usimweleze sababu zako. Mwombe aandike pembeni, kwa kila rejeleo lenye rangi, anadhani limewekwa kwa nini. Pale ambapo jibu lake linalingana na lako, rejeleo libaki. Pale ambapo ameshindwa kukisia, irekebishe sentensi ionyeshe kazi ya rejeleo hilo, au ulifute. Ukimaliza, pitia orodha ya mwishoni mwa makala: programu kama Zotero huondoa yenyewe kazi ambayo haitajwi tena ndani ya maandishi ikiwa marejeleo yote yaliingizwa kupitia kwayo, lakini aliyeandika orodha kwa mkono lazima aiondoe mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kurekebisha namba zinazofuata.